Kampuni ya Kwanza: Je, Dereva Mpya Huchagua?

Waswahili wana methali isemayo mchagua jembe si mkulima. Darasani tuliifafanua haraka: mtu mwenye nia ya kufanya kazi hapotezi muda akikagua mipini. Ni methali nzuri kwa shamba. Jembe likiwa butu, anayeumia ni mkulima mwenyewe, na hata yeye huumia viganja tu. Lakini ukimwambia maneno hayo kijana aliyepata leseni ya kuendesha treila juzi, na ambaye anatafuta kampuni ya kwanza itakayompa usukani, methali inabadilika sura. Jembe lake pamoja na mzigo linaweza kufika tani 56, ambao ndio ukomo wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mbele yake barabarani kuna basi la wanafunzi, bodaboda, na mama anayevuka na ndoo kichwani. Je, huyu naye asichague?

Ninauliza kwa sababu kijana huyo ninaye nyumbani. Ni mdogo wangu. Kwetu ni Tororo, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Malaba, na tangu utotoni tumeyaona malori yakipanga foleni kama siafu. Yeye aliacha shule baada ya kidato cha nne akawa utingo, au tanboi kama tunavyosema sisi, kwa miaka mitatu: kuweka mawe nyuma ya magurudumu, kukaza turubai, kupika, kulala juu ya mzigo ili usiibwe. Usukani aliujifunzia kwenye maegesho usiku, kisha akaenda shule ya udereva kwa fedha alizodunduliza. Niseme pia kwamba Kiswahili chake, alichookota Mlolongo na Mariakani, kina methali chache kuliko changu na kinaeleweka zaidi. Sisi Uganda tulikiandika Kiswahili katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Madereva hawakuisubiri katiba.

Basi, kampuni mbili zilikuwa tayari kumchukua. Sitazitaja majina. Ya kwanza nitaiita ya tripu, kwa kuwa inalipa kwa safari. Inampa dereva mpya gari siku ileile. Njia yake ni Mombasa hadi Kampala, kilomita zipatazo 1,170, na ukirudi salama unahesabiwa fedha zako kabla hujaoga. Mwenye kampuni alikuwa dereva mwenyewe, anawafahamu wake za madereva wake kwa majina, na msiba ukitokea anafika. Ya pili nitaiita ya mshahara. Inalipa kwa mwezi, chini ya nusu ya anachopata mtu wa tripu katika mwezi mzuri. Dereva mpya hukaa miezi sita kiti cha pili, pembeni ya dereva mzee. Gari halitembei baada ya saa nne usiku. Juu ya hayo wanataka barua ya mwenyekiti wa LC1 na mdhamini mwenye ardhi.

Baba alisikiliza maelezo yote hayo kisha akasema ile methali ya jembe. Mdogo wangu alipojaribu kueleza, Baba akaongeza ya nazi: "Mwanangu, mchagua nazi hupata koroma. Nenda kwa anayekupa gari."

Ili mtu aelewe kwa nini mimi sikukubaliana naye, inabidi aelewe jambo moja dogo kuhusu mafuta. Kampuni ya tripu humpimia dereva lita za safari nzima. Zikibaki, ni zake. Zikipungua, atajaza kwa fedha yake. Ukiutazama mpango huu ofisini, ni wa haki kabisa. Unamzuia dereva kuuza dizeli ya tajiri vichochoroni, jambo ambalo, tusidanganyane, hutokea. Lakini mpango huo una maisha mengine barabarani. Ukitoka Uganda kwenda Mombasa, ukishapita Mau Summit nchini Kenya barabara inateremka kwa muda mrefu kuelekea Nakuru, na katika mteremko huo ndiko iliko Salgaa. Dereva aliyepimiwa lita huona pale nafasi ya kuokoa. Anaweka gia nyutro, anaacha gari liserereke lenyewe. Injini haishiki tena magurudumu, kwa hiyo kazi yote ya kulizuia gari inabaki kwa breki. Breki zinapata moto, zikishapata moto hazikamati, na gari likishachanganya mwendo kurudisha gia ni shida. Watu wengi wamekufa Salgaa kwa namna hiyo, wengi wao wakiwa kwenye magari madogo na mabasi yaliyokuwa yanapanda kwa upole upande wao. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba injini za kisasa, gari likiteremka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, hujikatia dizeli zenyewe. Mtu anahatarisha roho za watu kwa akiba ambayo pengine haipo.

Mwenye kampuni hajamwambia mtu yeyote aweke nyutro. Nina hakika angekasirika kweli akisikia. Hapo ndipo ugumu wa kimaadili ulipo. Amri ina mwenyewe. Ukiumia unajua wa kumlaumu. Kipimo cha lita hakina mwenyewe. Kinakaa kwenye karatasi kimya, na kila dereva anakitafsiri akiwa peke yake gizani.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anatoa mfano ambao watu wa Malaba wangeuelewa bila mhadhiri. Nahodha amekumbwa na dhoruba, anatupa shehena baharini. Hakuna mtu anayetupa mali hivi hivi kwa kupenda, lakini mwenye akili timamu atafanya hivyo ili aokoe maisha yake na ya wenzake. Je, amefanya kwa hiari? Aristotle anasema vitendo vya aina hii vina mchanganyiko, ila viko karibu zaidi na vya hiari, kwa kuwa wakati wa kutenda, chanzo cha kitendo kimo ndani ya mtendaji mwenyewe. Dereva wa Salgaa ni nahodha huyo aliyegeuzwa kichwa chini: anatupa maisha ili kuokoa shehena na lita. Na kuna tofauti nyingine ambayo naiona kubwa zaidi. Dhoruba ya nahodha ilitoka angani. Ya dereva ilichapwa ofisini na karani, naye akaisaini.

Kwa maoni yangu, neno hilo la kusaini ndilo linaloonyesha mahali pa kuuweka wajibu. Tukimhukumu dereva pale mteremkoni tu, tunamhukumu mtu aliyelala saa tatu, mwenye deni la lita arobaini na kodi ya nyumba. Hiari yake pale ni ndogo, ingawa ipo. Siku ambayo hiari yake ilikuwa kubwa kuliko zote ni siku aliyosimama nje ya mageti mawili akiwa bado hadaiwi na mtu. Baada ya siku hiyo kila "hapana" ina bei, na bei inapanda. Kwa hiyo kuchagua kampuni ya kwanza si maandalizi ya kazi yanayokuja kabla ya maadili kuanza. Ni kitendo chenyewe, na mengi yatakayofuata yamo ndani yake kama mbegu. Methali ya Baba inakosea kwa sababu inamharakisha mtu aipite siku hiyo mbio.

Mwenzangu mmoja wa darasa, nilipomsomea sehemu hii, aliniuliza swali lililonikosesha usingizi. "Hiari ya mwenye njaa ni hiari gani?" Kampuni nyingi zinataka uzoefu wa miaka miwili. Dereva mpya hana uzoefu, na hawezi kuupata mpaka apewe gari, na hapewi gari mpaka awe nao. Katika hali hiyo, alisema, dereva mpya hachagui; anaokotwa. Kumwekea mzigo wa maadili siku ya kuokotwa ni kumwonea mara mbili.

Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Kama mlango ungekuwa mmoja, wa tripu tu, ningesema lawama ya kijana ni nyepesi, na uzito uhamie kwa mwenye kampuni, na kwa wenye mizigo wanaotaka kontena lifike jana, pamoja na sisi tunaonunua bidhaa bila kujiuliza zilifikaje. Lakini milango ilikuwa miwili, hata kama mmoja ulikuwa mwembamba. Tena tuitazame hiyo njaa vizuri. Mdogo wangu hana mke wala mtoto. Anakula kidogo na analala popote. Njaa iliyokuwa inamsukuma kwenye kampuni ya tripu ilikuwa ya nani? Ilikuwa yetu. Baba ana paa la kubadilisha. Na mimi nina ada ya chuo, ambayo kwa miaka miwili imelipwa nusu na posho ya utingo. Tunasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, tukidhani mambo ni ya watu wawili. Katika familia nyingi za kwetu njaa inakaa kwa mmoja na usukani unakaa kwa mwingine. Falsafa ya hiari inayomchunguza dereva peke yake, bila kumchunguza dada yake aliye maktaba, imeanza kuhesabu katikati.

Lakini anachagua nini hasa? Hapo ndipo tulipobishana zaidi, mimi na yeye, kwenye simu. Mimi nilitaja sheria. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1979 mkataba namba 153 kuhusu usafiri wa barabarani: dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa tisa kwa siku. Nchi chache sana zimeuridhia. Mwaka 1981 likapitisha wa 155, ambao kifungu chake cha 13 kinamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu za kuamini kwamba maisha yake yako hatarini. Nilimsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, hayo ni mazuri. Sasa Malaba saa nane usiku nampigia nani?"

Swali hilo lilinifundisha kuliko vifungu vyote nilivyomsomea. Kila kampuni imeandika getini usalama kwanza. Maandishi hayo hayatofautishi chochote. Kinachotofautisha ni gharama ya neno moja, hapana. Tairi limetoa nyuzi: hapana. Mzigo hauna karatasi: hapana. Nimeshaendesha saa kumi: hapana. Mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda waliegesha malori Elegu, kwenye mpaka wa Uganda na Sudan Kusini, wakakataa kuvuka kwenda Juba baada ya wenzao kushambuliwa na kuuawa njiani. Serikali zilisikia, kwa sababu barabara yote ilikuwa imesimama. Hiyo ilikuwa hapana ya mamia ya watu. Dereva mpya katika wiki yake ya kwanza ni mmoja, tena hana jina. Dereva mzee akikataa gari husemwa ni mwangalifu. Mpya akikataa gari lilelile husemwa ni mwoga, au mvivu, au hajui kazi. Hapana yake haina mtaji. Kampuni ya kwanza ndiyo inayomkopesha huo mtaji au kumnyima, na naamini hilo ni kubwa kuliko mshahara, kwa kuwa mshahara unaweza kuongezwa mwaka ujao, lakini mtu aliyezoea kumeza hapana yake mwaka mzima, sijui kama huitapika tena.

Tatizo ni kwamba jambo hilo haliulizwi ofisini. Jaribu kuingia kwa meneja na leseni mpya mkononi uulize, "Mzee, je, naruhusiwa kukataa gari?" Utaambiwa ukae nje usubiri, na utasubiri. Ukweli ambao dereva mpya anauhitaji kuliko wote ndio hasa asioweza kuuliza bila kupoteza kazi anayoiulizia. Wanafalsafa wanaoandika kuhusu hiari wanapenda kusema kwamba hiari inahitaji maarifa. Sawa, lakini hawasemi mara nyingi kwamba kuyatafuta maarifa yenyewe kunaweza kuwa na adhabu.

Mdogo wangu aliizunguka adhabu hiyo kwa njia ambayo mimi, pamoja na vitabu vyangu, nisingeifikiria. Hakwenda kwa mameneja wala kwa madereva. Alikwenda kwa mautingo. Utingo husema kweli, aliniambia, kwa sababu hakuna anayemuuliza kitu. Alikaa nao siku tatu kwenye maegesho ya Malaba, akiwanunulia chai na chapati, na kila alipopata nafasi aliuliza: "Kwenu, nani aliyewahi kukataa gari, na sasa yuko wapi?"

Kwa upande wa kampuni ya tripu alipewa majina matatu. Hakuna aliyefukuzwa. Waliwekwa benchi. Unafika asubuhi, unasalimiwa vizuri, unaulizwa habari za watoto, ila gari lako limeondoka na mwingine. Kesho hivyohivyo. Wiki ya tatu unaacha kuja mwenyewe, na kwenye vitabu inaandikwa umeacha kazi kwa hiari. (Neno letu lile, hiari. Nimelikuta pale nikashtuka.) Kwa upande wa kampuni ya mshahara alipewa jina moja tu: dereva aliyekataa kutoka Mariakani kwa sababu breki moja ya treila ilikuwa haishiki. Alinuniwa mwezi mzima. Fundi alichukua siku mbili kufika, mwenye mzigo akapiga simu za matusi. Lakini gari hakunyang'anywa, na leo ndiye anayepewa madereva wapya wakae naye kiti cha pili.

Majina manne si utafiti, najua. Lakini ndiyo maarifa ambayo mtu wa hali yake anaweza kuyapata, na naona aliyapata kwa heshima zaidi ya njia nyingi za utafiti nilizofundishwa.

Sitaki msomaji adhani kampuni ya mshahara ni malaika. Ile dhamana ya ardhi ni kamba, na ncha yake moja imefungwa shingoni mwa Baba: gari likipotea, kiwanja kinahojiwa. Halafu wana kile kifaa cha kufuatilia gari, kinachopiga kelele dereva akizidisha mwendo. Mhadhiri wetu mmoja angesema kwamba mtu anayetii kwa kuwa anatazamwa bado hajawa mwema, ameogopa tu. Nimelifikiria hilo sana. Nadhani ni kweli kwa mtu aliyekomaa, na si kweli kabisa kwa anayeanza. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, na mkono hujifunza kabla ya moyo. Miezi sita ya kumwona mzee akisimamisha gari saa nne usiku bila kuomba radhi kwa mtu inaweza kumfanya kijana aone kusimama ni jambo la kawaida. Ila methali hiyo haijali anayekunja ni nani. Kampuni ya tripu nayo inakunja samaki, tena kwa kasi, na dereva aliyejifunzia kazi mteremkoni kwa nyutro hafikirii kwamba anafanya uovu. Anafikiri ndivyo magari yanavyoendeshwa.

Alichagua ya mshahara. Baba alitia saini ya udhamini akisema anasaini kwa ajili ya mtoto, na methali yake ya jembe iko palepale. Paa halijabadilishwa. Mimi nimelipa nusu ya ada ya muhula huu, na ofisi ya fedha imenipa hadi katikati ya muhula kumaliza nusu iliyobaki. Jioni nawaandikia watu kazi zao kwenye kompyuta za mtaani, ukurasa kwa ukurasa. Kuna usiku ninapopiga hesabu ya tripu ambazo angekuwa ameshakwenda.

Wiki iliyopita alinipigia simu akiwa Mlolongo, wanasubiri mzigo. Analalamika. Mzee wake humwachia usukani Uganda yote na Kenya ya magharibi, lakini wakifika Mau Summit humwambia ahamie kiti cha pili, na kuteremka huteremka yeye mwenyewe, ndani ya gia, polepole, matatu zikiwapigia honi nyuma. Amemuuliza mteremko ule atapewa lini. Mzee amemwambia mwezi wa tano.